Saratani Iliyosomwa Kwanza Kwenye Ramani

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966, anakumbukwa kwa saratani inayobeba jina lake. Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto, mara nyingi huanzia kwenye taya au tumboni, na hukua kwa kasi isiyofikiwa na karibu saratani nyingine yoyote ya binadamu; uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili hivi. Lakini Burkitt hakuwa mtu wa maabara. Hakugundua virusi, hakuchunguza kromosomu, na kazi ya hadubini aliwaachia wenzake. Yeye aliuliza watoto wagonjwa wametoka wapi, akaandika majibu, akayapanga na kuyachora. Kazi ya namna hiyo leo ina idara zake vyuoni na huitwa sayansi ya taarifa za afya. Burkitt aliifanya kwa posta, pini na gari la mtumba, nayo ikaonyesha mambo ambayo hadubini peke yake isingeyaonyesha.

Alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya na mtazamaji hodari wa ndege. Aliwavisha pete miguuni ndege wadogo waitwao robin waliokuwa wakiishi kwenye bustani yake, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilitetea dhidi ya wenzake. Ni miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kufanya uchunguzi wa namna hiyo kwa utaratibu. Denis alikulia katika nyumba hiyo. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja kwa kupigwa jiwe. Aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi, akabadili mawazo, na mwaka 1935 akahitimu udaktari. Alipoomba kazi ya udaktari wa kikoloni Afrika Magharibi alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia vilimleta Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi, na vita vilipokwisha akaomba tena, safari hii Uganda, akakubaliwa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, wilaya ya Lango. Huko alipasua mabusha mengi, kama ambavyo daktari yeyote wa sehemu zile angefanya. Alichoongeza ni kuangalia wagonjwa walikotoka, akaona kuwa upande wa mashariki wa wilaya ulileta wanaume wengi wenye mabusha na upande wa magharibi uliwaleta wachache sana. Mabusha, kama matende, husababishwa na minyoo inayoenezwa na mbu, kwa hiyo tofauti ya mahali ilikuwa na maana kubwa. Aliandika habari hizo katika jarida la Lancet mwaka 1951. Makala hayo hayakumpa umaarufu, ila yanaonyesha kwamba tabia ya kuuliza "wapi" ilikuwa naye muda mrefu kabla ya kukutana na saratani ya watoto.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume wa miaka mitano. Uso ulikuwa umeharibika kwa uvimbe kwenye pembe zote nne za taya, juu na chini, kushoto na kulia. Jambo hilo halikuingia katika maelezo ya kawaida. Usaha wa jino hauvimbishi pembe nne kwa mara moja, wala saratani zilizojulikana hazikuwa na desturi hiyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona msichana mdogo mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima akakuta na tumbo lake lina uvimbe. Tukio moja lingeweza kuachwa kama ajabu ya siku. Matukio mawili yalimrudisha Mulago kufukua mafaili.

Kilichokuwa ndani ya mafaili hayo ni somo kubwa kwa yeyote anayeshughulika na kumbukumbu za hospitali. Ugonjwa ulikuwepo miaka yote, lakini ulikuwa umegawanywa kwa viungo. Mtoto mwenye uvimbe wa taya aliandikwa chini ya jina moja, mwenye uvimbe wa figo chini ya jina jingine, mwenye jicho lililotokeza nje chini ya la tatu, na msichana mwenye uvimbe kwenye ovari chini ya la nne. Kila daktari aliona kipande chake, na mfumo wa kuandika ulifuata viungo. Burkitt alipoweka karatasi hizo pamoja, aligundua kuwa watoto wengi walikuwa na uvimbe sehemu kadhaa kwa wakati mmoja, na kwamba mpangilio huo ulijirudia. Aliandika matokeo mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wanapatholojia wa Mulago, Jack Davies na Gregory O'Conor, walitazama upya vipande vilivyohifadhiwa wakaonyesha kuwa vyote ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, na kwamba limfoma zilikuwa karibu nusu ya saratani zote za watoto zilizoandikishwa Kampala.

Hesabu ya "karibu nusu" iliwezekana kwa sababu Kampala ilikuwa na rejista ya saratani, iliyoanzishwa na Davies katika miaka ya 1950, mojawapo ya za mwanzo kabisa barani Afrika. Palikuwa pia na hazina ya zamani zaidi. Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1897, ilihifadhi maelezo ya wagonjwa ya Albert Cook na wenzake, baadhi yakiwa na michoro ya mkono, na humo wakapatikana watoto wenye uvimbe wa taya wa tangu mwanzoni mwa karne. Mwaka 1964 kumbukumbu za Mengo kuanzia 1897 hadi 1956 zilichambuliwa na kuchapishwa kama picha ya saratani katika jamii moja ya Kiafrika. Cook alikuwa akiandika ili amtibu mtu aliyelala mbele yake. Hakuna aliyemwambia kwamba miaka 60 baadaye karatasi zake zingethibitisha kuwa ugonjwa huu si mgeni. Makala za mwanzo kuhusu ugonjwa huo zina majina ya madaktari wa Kizungu. Wauguzi, makarani na wakalimani waliouliza jina la mtoto na la kijiji chake hawakutajwa, na hilo ni deni ambalo historia ya tiba bado haijalilipa.

Swali lililofuata lilikuwa la eneo. Kwa ruzuku ya pauni 25, Burkitt alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa na maswali machache, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika. Majibu yaliporudi, alichoma pini kwenye ramani iliyotundikwa ukutani ofisini. Pini zilijipanga kama mkanda ukatao Afrika katikati, pande zote mbili za Ikweta, ukiwa na mkia ulioteremka pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Ndani ya mkanda palikuwa na matundu. Nyanda za juu za Kigezi, na Rwanda na Burundi, hazikuwa na pini, ingawa ziko karibu na Ikweta kabisa.

Mtu anayejua udhaifu wa dodoso hatashangaa kwamba Burkitt hakutosheka nalo. Hospitali inayojibu "hatujauona ugonjwa huu" inatoa taarifa yenye thamani sawa na ile inayojibu "tumeuona mara kumi", lakini kwa sharti kwamba jibu la kwanza ni la kweli. Daktari aliyezidiwa na wagonjwa, au ambaye hajui picha ya ugonjwa, anaweza kuandika hapana bila kudanganya. Njia ya kupima jibu ni kwenda kumwuliza ana kwa ana. Tarehe 7 Oktoba 1961 Burkitt aliondoka Kampala pamoja na Ted Williams, daktari mmisionari wa Kuluva karibu na Arua, na Cliff Nelson, daktari kutoka Kanada. Gari lilikuwa Ford la mtumba lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki 10, takriban maili 10,000, wakafika kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakitembelea hospitali zipatazo 60. Tanganyika ilipata uhuru, tarehe 9 Desemba, safari yao ikiwa haijakwisha. Kila mahali walitoa albamu ya picha, wakauliza kama watoto wa namna ile wamepata kuonekana, na wakapekua madaftari.

Safari hiyo ilitafuta mipaka ya ugonjwa, yaani mahali unapokoma, na hapo ndipo ubunifu wa kazi nzima ulipo. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa futi 5,000 hivi. Kusini zaidi ulikoma chini ya hapo, kwenye futi 3,000, na Msumbiji ulikoma kwenye futi 1,000. Mwinuko peke yake, basi, haukuwa sababu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alipoiona ramani alitambua kuwa kinachobaki kile kile katika mipaka yote ni joto: ugonjwa haupatikani pale ambapo miezi ya baridi hushusha joto chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi. Takwimu za Afrika Magharibi, ambako Burkitt alikwenda baadaye, ziliongeza sharti la pili. Katika maeneo ya tambarare yenye joto lakini yenye mvua chini ya milimita 500 kwa mwaka, ugonjwa pia ulikuwa adimu. Joto na mvua ndiyo masharti ya mbu. Dhana ikajengeka kwamba mbu hueneza virusi vinavyoleta saratani.

Dhana hiyo ilikuwa na kosa, ila kosa lenyewe lilizaa matunda. Tarehe 22 Machi 1961, kabla ya safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vya saratani ya kuku kwa hadubini ya elektroni. Aliposikia dalili za mwanzo kwamba saratani hii hufuata joto na mvua, aliamua kuacha mengine. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Entebbe hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakikuonekana chochote. Desemba 1963 ukungu uliifunga London na ndege ikatua Manchester. Sampuli ilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yameoza. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama akakuta chembe hai zikielea. Chembe hizo zikakuzwa, na mapema 1964 hadubini ikaonyesha virusi ndani yake. Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakachapisha habari hiyo katika Lancet mwezi Machi. Virusi vya Epstein-Barr vilikuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Ndipo likaja fumbo. Werner na Gertrude Henle, wakiwa Philadelphia, walipima kingamwili katika damu za watu wa sehemu mbalimbali wakakuta virusi hivyo viko kila mahali. Zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani wamewahi kuambukizwa. Huenea kwa mate, na kwa vijana wa nchi tajiri huweza kuleta homa ya tezi. Mbu hahusiki. Virusi vilivyo kila mahali vinawezaje kueleza saratani iliyo katika mkanda mmoja tu? Nadharia ya kwanza ilianguka, lakini ramani ilibaki palepale ikidai maelezo. Gilbert Dalldorf akaangalia mkanda huo huo akaona ugonjwa mwingine unaofuata joto na mvua, nao ni malaria. Matundu ya ramani yalimuunga mkono. Zanzibar na Pemba, visiwa vya joto na mvua tele, havikuwa na uvimbe huu kwa kiwango kilichotarajiwa, na huko kampeni za kudhibiti malaria zilikuwa zimefanyika. Hali ilikuwa hivyo hivyo katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa.

Maelezo yanayokubalika sasa yanaunganisha pande zote. Mtoto huambukizwa virusi vya Epstein-Barr akiwa mdogo sana. Malaria ya falsipari inayorudiarudia huzichochea chembe B za kinga zigawanyike kwa wingi, na wakati huo huo hudhoofisha chembe T ambazo kazi yake ni kuzizuia zile zenye virusi. Kadiri mgawanyiko unavyoongezeka, ndivyo nafasi ya kosa inavyoongezeka. Kosa lenyewe lilionekana katika kromosomu: mwaka 1972 alama isiyo ya kawaida ilitambuliwa kwenye kromosomu ya 14, mwaka 1976 ikafahamika kuwa kipande hicho kimetoka kromosomu ya 8, na mwaka 1982 jeni iliyohamishwa ikatambuliwa kuwa ni MYC. Jeni hiyo huamuru chembe ikue. Ikihamia jirani na jeni za kutengeneza kingamwili, ambazo katika chembe B hufanya kazi bila kupumzika, nayo huwaka isizimike. Kasi ya uvimbe ule wa taya ilipata sababu yake.

Ushahidi wa watu ulihitaji tena madaftari. Ted Williams aliandika habari za kila mgonjwa wa Kuluva kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba mwaka 1967 yeye na wenzake waliweza kuonyesha kuwa katika wilaya ya West Nile wagonjwa walijikusanya kwa mahali na kwa wakati. Kwa sababu ya kumbukumbu hizo, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulioko Lyon uliichagua West Nile kwa utafiti wa miaka ya 1970 ambamo damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa na kuhifadhiwa. Wale waliopata limfoma baadaye walikutwa kuwa na kingamwili nyingi zaidi dhidi ya virusi tangu kabla ya kuugua. Huko North Mara, Tanzania, watoto waligawiwa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili ionekane kama saratani itapungua. Ilipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa kugawiwa, hivyo jaribio halikutoa jibu safi. Hata hilo lilijulikana kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiandikishwa tangu awali.

Burkitt alikuwa pia tabibu, na Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijaribu dawa za kuua chembe za saratani, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache, jambo ambalo wakati ule halikutegemewa popote. Mwaka 1967, yeye akiwa ameshaondoka, kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kiliongozwa na John Ziegler na baadaye na Mganda Charles Olweny, aliyekibeba katika miaka migumu ya Idi Amin.

Nusu ya pili ya maisha yake Burkitt aliitumia Uingereza, akijenga hoja kwamba uhaba wa nyuzinyuzi katika chakula cha nchi tajiri huleta saratani ya utumbo mpana na maradhi mengine. Njia ilikuwa ile ile: dodoso kwa hospitali za misheni zipatazo 150, majibu, ulinganisho. Hapa njia ilimpungukia. Limfoma ya watoto ilikuwa na mipaka mikali, na ndani ya nchi moja ungeweza kulinganisha bonde na mlima. Kati ya Kampala na London kuna tofauti za umri, uzito, kazi, nyama na tumbaku, na hakuna ramani inayoweza kuzitenganisha. Utafiti wa Ulaya ulioshirikisha watu zaidi ya nusu milioni na kutoa matokeo mwaka 2003 uliipa hoja ya nyuzinyuzi nguvu, wakati majaribio ya kuwapa watu nyuzinyuzi ili kuzuia vinyama vya utumboni hayakufaulu. Burkitt alifariki mwaka 1993 akiwa mashuhuri zaidi kwa hoja hii isiyokamilika kuliko kwa ramani iliyokamilika.

Leo rejista za saratani za Kampala na za miji mingine ya Afrika, zilizounganishwa katika mtandao wao tangu 2012, hutumia programu iitwayo CanReg, na limfoma ya Burkitt ina namba yake ya kimataifa, 9687/3, isiyojali kama uvimbe uko tayani au kwenye figo. Kosa la mafaili ya 1957 limerekebishwa katika muundo wenyewe wa data. Lakini mfumo ambao wizara za afya za Kenya, Uganda na Tanzania huutegemea zaidi, DHIS2, umezoeleka kwa kujumlisha wagonjwa kwa kituo na kwa mwezi. Jumla hiyo yatosha kwa malaria na kuhara. Kwa saratani haitoshi: mtoto aliyepimwa Jinja na kutibiwa Mulago anaweza kuhesabiwa mara mbili, na yule aliyefia nyumbani asihesabiwe kabisa. Saratani inahitaji rekodi ya mtu, na rekodi ya mtu inahitaji karani aliyefunzwa na anayelipwa. Serikali na wafadhili hununua kompyuta kwa urahisi kuliko wanavyomwajiri karani huyo, na hilo ni kosa la kupanga.

Utafiti mkubwa wa karibuni, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania kati ya 2010 na 2016 chini ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, ukiongozwa na Mganda Sam Mbulaiteye, ulirudia swali la Burkitt ukiwa na vifaa vya sasa: makazi ya kila mtoto, malaria, na vinasaba. Miongoni mwa matokeo yake ni kwamba watoto wa Uganda wenye jeni moja ya selimundu, ambayo huwakinga na malaria kali, hupata limfoma hii mara chache zaidi. Swali la tiba ndilo lililobaki nyuma. Katika nchi tajiri watoto takriban tisa kati ya kumi hupona. Katika mkanda wa Burkitt wengi hufika wamechelewa au huacha dawa katikati, na safu ya rejista inayopaswa kueleza hali ya mgonjwa baada ya mwaka mmoja mara nyingi iko wazi. Kuijaza kunahitaji simu, nauli ya kwenda kijijini, na jina la mlezi lililoandikwa sawasawa siku ya kwanza.